Namna ya Kuandaa PDF ya Kutunzwa Miaka Mingi Bila Kupoteza Fonti na Rangi

Mwaka 2017 Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wakazi wa Dodoma waliizoea kwa jina la CDA, ilivunjwa na majukumu yake yakakabidhiwa halmashauri ya manispaa. Tangu hapo wenye viwanja wengi wamejikuta wakifungua masanduku ya chuma kutafuta karatasi za miaka ya themanini: barua yenye muhuri wa zambarau, stakabadhi, mchoro wa kitalu uliopakwa rangi. Karatasi ambayo haikuliwa na mchwa inasomeka leo kama ilivyosomeka siku ilipotoka ofisini, kwa sababu wino na rangi vimo ndani yake na haitegemei kitu kingine chochote. Faili la kompyuta haliko hivyo. Waraka wa Word kwa kawaida haubebi maumbo ya herufi zake. Hubeba majina ya fonti tu, na kuiachia kompyuta itakayoufungua kazi ya kuzitafuta fonti hizo. Rangi nazo mara nyingi huandikwa kama namba tupu zisizosema ni za kifaa gani.

Mwongozo huu unamlenga afisa kumbukumbu wa masijala, katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu, mwenye steshenari anayewaskania watu hati zao, na yeyote anayetakiwa kutoa faili litakalosomwa na mtu ambaye bado hajazaliwa. Jambo ninalolisisitiza ni moja: faili la kutunzwa lisiombe kitu chochote nje yake, na uhakiki kwamba haliombi ufanyike leo, wakati waraka wa asili bado uko mezani na aliyeuandika bado anapokea simu.

Kuchagua toleo

PDF ilianza mwaka 1993 katika kampuni ya Adobe, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000-1. PDF ya kawaida ina uhuru mwingi: inaweza kubeba video, kufungwa kwa nenosiri, kuendesha programu ndogo za JavaScript, au kutaja fonti bila kuibeba. PDF/A ni PDF ileile iliyonyang'anywa uhuru huo. Kiwango chake ni ISO 19005, na kimetoka kwa sehemu: PDF/A-1 mwaka 2005, PDF/A-2 mwaka 2011, PDF/A-3 mwaka 2012 na PDF/A-4 mwaka 2020. Sehemu mpya haifuti ya zamani. Faili la PDF/A-1 lililotengenezwa sawasawa mwaka 2006 bado ni halali, na hakuna sababu ya kulibadilisha kwa kuwa tu limepitwa na umri.

Kwa kazi nyingi za ofisi ninapendekeza PDF/A-2. PDF/A-1 inakataza kitu chochote kinachopenyeza kilicho chini yake, kwa hiyo nembo yenye kivuli laini hulazimika kuunganishwa na mandhari yake, na wakati mwingine hubaki na pembe nyeupe inayochukiza. PDF/A-2 inaruhusu vivuli hivyo, na inaruhusu pia picha za JPEG 2000. PDF/A-3 inakuongezea ruhusa ya kuambatisha faili la aina yoyote, kwa mfano jedwali la Excel la hisa za wanachama, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika: dhamana ya kiwango inahusu kurasa za PDF peke yake, na lile jedwali lililo ndani linaweza lisifunguke kabisa baada ya miaka thelathini. Ukiitumia, hakikisha yaliyomo kwenye kiambatisho yamechapwa pia kwenye kurasa. PDF/A-4 ni nzuri, ila programu zilizoko kwenye ofisi zetu bado hazijaizoea.

Utaona pia herufi ndogo mwishoni mwa jina. Herufi b inaahidi kwamba ukurasa utaonekana vilevile. Herufi u, inayopatikana katika PDF/A-2 na PDF/A-3, inaongeza ahadi kwamba kila umbo la herufi limefungamanishwa na namba yake ya Yunikodi, yaani orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, ili maandishi yatafutike na kunakilika. Herufi a inataka zaidi ya hapo mpangilio wa vichwa, majedwali na mtiririko wa kusoma, jambo linalowasaidia sana wasioona wanaotumia programu za kusomewa. Programu nyingi zitakupa 2b tu. Ikubali, kisha ufanye jaribio la kunakili nitakaloeleza mbele.

Fonti

Tangu mwaka 2007 fonti ya kuanzia ya Word ilikuwa Calibri. Mwaka 2023 Microsoft ikaleta Aptos mahali pake. Ofisi yenye Word mpya inaandika taarifa kwa Aptos bila hata kujua, inaituma kwa ofisi yenye Word ya zamani, na kompyuta ya huko, isiyo na fonti hiyo, inaweka nyingine. Hakuna ujumbe wa kosa. Upana wa herufi unatofautiana kidogo, mistari inasukumana, jedwali lililoishia ukurasa wa 11 linaishia ukurasa wa 12, na sentensi isemayo "tazama jedwali ukurasa wa 11" inageuka kuwa uongo. LibreOffice imejitahidi kwa kuwa na Carlito, fonti yenye vipimo sawa na vya Calibri, hivyo kurasa hazihami. Lakini fonti nyingi hazina pacha wa namna hiyo.

PDF/A inalimaliza tatizo hili kwa sharti moja: kila fonti inayoonyesha maandishi lazima ipachikwe ndani ya faili. Sharti linazihusu hata zile fonti 14 za msingi, yaani familia za Helvetica, Times na Courier pamoja na Symbol na ZapfDingbats, ambazo zamani kila programu ya kusoma PDF ilitakiwa kuwa nazo. Kiwango kilikataa kuamini kwamba "kila programu" itaendelea kuwapo.

Kwa kawaida hapachikwi fonti nzima, bali maumbo yaliyotumika tu. Chukua bango lenye neno moja, CHANG'OMBE. Faili lake litabeba maumbo ya herufi tisa na kiapostrofi, basi. Ukitaka kesho kuandika KIZOTA ndani ya faili hilohilo, utazikuta O na A, lakini K, I, Z na T hazimo, na programu ya kuhariri italazimika kuazima kutoka fonti nyingine. Ndiyo sababu waraka wa asili, uwe wa Word au wa LibreOffice, utunzwe pia. PDF/A ni ya kusoma, si ya kuendelea kuandikia.

Kujua kama fonti zimepachikwa ni rahisi. Kwenye Adobe Reader bonyeza Ctrl na D, kisha ufungue kichupo cha fonti. Kila jina lifuatwe na maneno yanayosema kwamba imepachikwa. Ninayoipenda zaidi ni programu ndogo iitwayo pdffonts, iliyomo kwenye kifurushi cha bure cha Poppler. Kwenye dirisha la amri la kompyuta unaandika hivi:

pdffonts muhtasari-mkutano.pdf

Ikijibu, utapata mstari kwa kila fonti, mfano wake huu:

BCDEEE+Calibri TrueType WinAnsi yes yes no

Herufi sita kubwa na alama ya kujumlisha kabla ya jina ndiyo dalili kwamba kimechukuliwa kipande tu cha fonti. Neno la kwanza kati ya yale matatu ya mwisho linasema kama fonti imepachikwa, na hapo "no" haikubaliki. La pili linasema kama ni kipande. La tatu linasema kama kuna jedwali la kutafsiri maumbo kuwa Yunikodi. Hilo la mwisho likiwa "no" usikimbilie kuogopa: hapa msimbo, yaani orodha ya namba za herufi, ni WinAnsi, ambao maana ya kila namba yake inajulikana, kwa hiyo maandishi ya kawaida ya Kiswahili yatanakilika vizuri. La kuogopwa ni "no" iliyo kando ya msimbo wa kubuni.

Orodha hiyo pia hufichua fonti ambayo hukuichagua. Mtu akiandika kwa Kirangi cha Kondoa anahitaji herufi ɨ na ʉ, kama katika jina Kɨlaangi. Akichagua fonti ya mapambo isiyo na herufi hizo, Word haitamwambia. Itaazima ɨ kutoka fonti nyingine kimyakimya, na kwenye karatasi utaona herufi moja nyembamba au nene kuliko wenzake. Wanaoandika Kisandawe kwa alama za wanaisimu za sauti za vidoko, kama ǀ na ǃ, hukutana na taabu hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi, kwani umbo likikosekana kabisa huchapwa kisanduku kitupu. PDF/A-2 inakataza kisanduku hicho, na programu ya kuhakiki itakikamata.

Dawa ni kuanza na fonti yenye herufi zote unazohitaji na yenye leseni inayoruhusu kupachikwa. Ndani ya kila faili la fonti kuna alama inayoeleza ruhusa hiyo: nyingine zinaruhusu bila masharti, nyingine kwa kusoma na kuchapa tu, na nyingine zimekataa kabisa. Fonti za maua zinazopakuliwa kwa ajili ya kadi za michango ya harusi ndizo ninazoziogopa kuliko zote. Zitumie kwenye kadi, zisiguse muhtasari wa mkutano mkuu. Word ina kisanduku cha "Bitmap text when fonts may not be embedded", ambacho hugeuza maandishi ya fonti iliyokataa kuwa picha. Ukurasa utaonekana mzuri, lakini maneno yake hayatafutiki tena, na kwangu hiyo ni hasara kubwa kuliko kubadili fonti. Liberation, Noto, Charis SIL na Andika zote zinatolewa kwa leseni huria. Hiyo Andika imetengenezwa na SIL kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, na jina lake ni neno letu wenyewe. Herufi I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 zimechorwa kwa tofauti inayoonekana, jambo ambalo mtunza kumbukumbu za namba za viwanja atalishukuru.

Maumbo yakiwa salama, bado kuna kilicho chini ya maumbo. Zamani, kabla Yunikodi haijaenea, watu walitengeneza fonti za kienyeji ambamo ufunguo wa alama fulani ulichorwa umbo la ɨ. Kwenye skrini neno lilionekana sawa, lakini ndani ya faili liliandikwa alama ya yeni au ya asilimia. Faili la namna hiyo linaweza kupachikwa fonti zake zote, likapita ukaguzi wa ngazi ya u, na bado likawa halitafutiki, kwa sababu mashine inaweza kukagua kwamba kila umbo lina namba ya Yunikodi, isiweze kujua kama namba hiyo ni ya kweli. Hapo hakuna njia ya mkato. Fungua PDF, nakili aya moja, ibandike kwenye Notepad na uisome kwa macho yako. Chagua aya yenye majina ya watu, namba, na maneno yenye ng'.

Kiapostrofi cha ng' kinastahili neno lake. Neno Chang'ombe linaweza kuandikwa kwa kiapostrofi kilichonyooka, ambacho namba yake ni U+0027, au kilichopinda, U+2019, ambacho Word hukiweka yenyewe unapoandika. Machoni ni kitu kimoja; kwa programu nyingi za kutafuta ni herufi mbili tofauti. Nimewahi kutafuta jina la mtaa katika mafaili mia na kitu, nikapata nusu, nikadhani nyingine zimepotea. Zilikuwapo. Chagueni kimoja ofisini kwenu, kiandikwe kwenye mwongozo wa masijala, na wote wakifuate.

Rangi

Kompyuta huandika rangi kwa namba. Ukisema nyekundu 200, kijani 30, bluu 30, umeiambia skrini kiasi cha mwanga, lakini skrini ya kompyuta ya ofisini na skrini ya simu hazitoi mwanga uleule kwa namba hizo. Kinachozipa namba maana ni profaili ya rangi, kwa muundo uliowekwa na ICC, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1993. Profaili inayotumika zaidi ni sRGB, iliyopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. PDF/A haikatai namba za kifaa, ila inataka faili linalozitumia liwe na tamko liitwalo OutputIntent, lenye profaili iliyopachikwa humohumo, linaloeleza namba hizo zisomwe kwa kipimo gani. Ni sharti lilelile la fonti: usitaje tu, beba.

Kwa waraka ulioandikwa ofisini na kusomwa kwenye skrini, sRGB inatosha, na LibreOffice na Word huiweka zenyewe. Shida huja pale kazi inapotoka kwa mbunifu wa kiwanda cha uchapaji. Yeye hufanya kazi kwa CMYK, yaani wino wa samawati, wa majenta, wa manjano na mweusi, kwa sababu mashine yake ndivyo inavyochapa. Taarifa ya mwaka ikiwa na kurasa za CMYK, halafu mtu akaingiza katikati grafu ya RGB (rangi za skrini: nyekundu, kijani na bluu) kutoka Excel, tamko moja la rangi haliwezi kuzieleza zote mbili, maana profaili yake ni ya aina moja. Upande mmoja lazima uwe na profaili zake wenyewe, kitu kwa kitu, au ubadilishwe. Mwombe mbunifu akutengenezee PDF/A mwenyewe, kutoka kwenye programu yake, akiwa na profaili aliyoitumia kuchapa. Ukibadilisha mwenyewe baadaye bila profaili hiyo, utakuwa unabahatisha, na bluu iliyokolea ndiyo ya kwanza kukuumbua kwa kugeuka zambarau.

Picha za kamera nazo ziangaliwe. Picha iliyohifadhiwa kwa Adobe RGB, profaili yenye rangi pana kuliko sRGB, ikinyang'anywa profaili yake na kusomwa kama sRGB hupauka: kijani cha mizabibu kinakuwa kama cha mwezi Oktoba kabla ya mvua.

Hati zinazoskaniwa ndizo zenye hasara nyingi zaidi, na hapa nakiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita niliskania mzee mmoja wa Kongwa michoro ya ardhi ya familia, nikaweka skana kwenye rangi ya kijivu ili faili liwe dogo. Ufunguo wa mchoro ulitenganisha mashamba kwa rangi peke yake. Kwenye skani yangu shamba la ndugu mmoja na la mwenzake yalikuwa kijivu kimoja kabisa, hakuna wa kuyatofautisha, na michoro ilishapanda basi na mwenyewe. Ilinibidi nimpigie, nimsubiri wiki mbili, na nimrudishie nauli yake.

Kwa hiyo hati yenye muhuri, sahihi au mchoro iskaniwe kwa rangi kamili, nukta 300 kwa inchi. Ukurasa wa A4 kwa kipimo hicho una pikseli 2480 kwa 3508, na bila kubanwa hufika megabaiti 26 hivi. JPEG ya ubora wa juu itaushusha sana bila kuharibu wino. Rangi ya kijivu ifae maandishi yasiyo na alama yoyote ya rangi. Nyeusi na nyeupe tupu iepukwe kwa hati zenye muhuri, kwa kuwa muhuri wa zambarau uliogongwa juu ya jina hugeuka doa jeusi na jina likafa chini yake. Kama mchoro mpya unachorwa leo, mwombe mchoraji aandike pia herufi au namba ndani ya kila eneo, rangi isibebe maana peke yake.

Jihadhari pia na mbano wa JBIG2 wa aina inayopoteza. Mbano huo hutafuta maumbo yanayofanana kwenye ukurasa na kutumia moja badala ya jingine. Mwaka 2013 David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, alionyesha jinsi mashine za kuskani zilivyokuwa zikibadilisha tarakimu kwa njia hiyo, 6 ikitokea kama 8, tena ikiwa safi isiyo na ukungu wowote. Fikiria namba ya kiwanja. PDF/A inaruhusu JBIG2 na haiwezi kujua kwamba tarakimu si ile iliyokuwa kwenye karatasi. Kwa hiyo kwenye mipangilio ya skana zima mbano huo, au chagua ule usiopoteza.

Kutengeneza na kuhakiki

Kwenye LibreOffice fungua menyu ya "File", nenda "Export As", kisha "Export as PDF". Katika kichupo cha kwanza weka tiki mahali palipoandikwa "Archival" na uchague PDF/A-2b. Kwenye Word hifadhi kama PDF, bonyeza "Options" kabla ya kuhifadhi, na uweke tiki kwenye mstari wenye neno PDF/A. Usitumie njia ya kuchapa kwenda PDF kupitia orodha ya printa: inakupa PDF ya kawaida, isiyo na tamko la PDF/A.

Kwa hati zilizoskaniwa, OCRmyPDF ni ya bure na hutoa PDF/A, huku ikiweka maandishi yasiyoonekana nyuma ya picha ili yatafutike. Inategemea Tesseract, programu ya kutambua herufi kwenye picha, ambayo inakijua Kiswahili mradi umesakinisha data zake za lugha:

ocrmypdf -l swa+eng --output-type pdfa-2 skani.pdf skani-kudumu.pdf

Maandishi hayo yaliyotambuliwa na mashine yatakuwa na makosa, hasa chini ya mihuri. Yachukulie kama faharasa ya kutafutia. Ushahidi ni picha.

Ukifungua faili kwenye Adobe Reader utaona utepe wa bluu ukisema kwamba faili linadai kufuata PDF/A. Lisome vizuri neno hilo, kudai. Utepe huo hutokana na mistari miwili tu ya metadata, yaani maelezo kuhusu faili yaliyo ndani yake, na mtu yeyote anaweza kuiandika ndani ya faili bovu. Ukaguzi wenyewe ufanywe na veraPDF, programu ya bure iliyojengwa kwa ushirikiano wa Open Preservation Foundation na PDF Association. Unaliweka faili, inakurudishia kwamba limepita au halikupita, pamoja na kifungu cha kiwango kilichovunjwa. Makosa utakayoyaona mara nyingi ni mawili: fonti isiyopachikwa, na rangi za kifaa zisizo na tamko.

Likishindwa, rudi kwenye waraka wa asili urekebishe huko. Kuna programu, Ghostscript ikiwamo, zinazoweza kuigeuza PDF mbovu kuwa PDF/A, nami huzitumia pale tu ambapo chanzo kimepotea. Fonti ambayo haikuwamo haiwezi kuzuliwa. Programu huweka nyingine inayoikaribia, faili linapita ukaguzi, na herufi zinapishana na mistari ya jedwali. Ukilazimika kufanya hivyo, chapa kurasa za zamani na mpya uziweke kando kwa kando, kisha uandike kwenye jalada kwamba fonti zilibadilishwa, tarehe na nani.

Baada ya veraPDF fanya mambo matatu kwa mkono. Fanya lile jaribio la Notepad. Lifungue faili kwenye simu au kompyuta nyingine isiyo na fonti zako, ukihesabu kurasa. Tatu, kwa hati ya rangi, isogeze karatasi ya asili karibu na dirisha, nje ya jua la moja kwa moja maana jua la hapa la saa saba linaosha kila rangi, uilinganishe na skrini: muhuri, sahihi, kila kisanduku cha ufunguo wa mchoro. Hutafuti ulinganifu wa maabara. Unatafuta kama vitu viwili vilivyotofautiana kwenye karatasi bado vinatofautiana.

Sahihi ya kielektroniki iwekwe mwisho kabisa. Ukisaini kwanza na kubadilisha kuwa PDF/A baadaye, faili litakuwa limebadilika na sahihi itavunjika. Na kwa ofisi za umma, kupata PDF/A safi si ruhusa ya kuchoma karatasi. Uteketezaji wa kumbukumbu za umma unaongozwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002, na huulizwa kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Limebaki suala la kutuma. Mtu atakuomba faili kwa WhatsApp, utaona ni zito, utalipeleka kwenye tovuti ya kupunguza ukubwa wa PDF, na tovuti hiyo itakurudishia faili lenye picha zilizofifia na tamko la rangi lililoondolewa, likiwa na jina lilelile. Tengeneza nakala ya kutuma kwa jina tofauti, na faili la kudumu liwe la kusomwa tu. Kwenye Windows unaweza kulichukulia alama ya utambulisho kwa amri hii:

certutil -hashfile skani-kudumu.pdf SHA256

Andika mfuatano utakaotokea kwenye rejista, kando ya namba ya jalada. Mwakani ukirudia amri hiyo na mfuatano ukatofautiana hata kwa herufi moja, faili lililoguswa liweke kando, na urudishe nakala iliyoko kwenye diski ya akiba.